Njia Moja Kutoka Vilima vya Samia Hadi Baharini: Barua kuhusu Ziara ya Babu, Nyanya na Wajukuu

Kwa wazee, wazazi, walimu na wajukuu wa Namboboto

Ziara ya historia ya pwani ni safari ya siku saba au nane. Babu au nyanya husafiri na mjukuu mmoja au wawili, wakiifuata njia iliyounganisha vilima vya Samia na Bahari ya Hindi tangu zama za misafara ya miguu. Kila kituo kina somo lake, na kila somo lina walimu wawili: kitu kinachoonekana kwa macho, na mzee anayekumbuka yale aliyosimuliwa na wazazi wake.

Umuhimu wa ziara hii huonekana wazi zaidi ukitazamwa kutoka mbali. Mtoto wa Kisamia anayesoma London anaweza kupelekwa na shule yake British Museum, akaona nyuma ya kioo vigae vya vyungu vilivyookotwa ufukoni Kilwa Kisiwani. Katika ghala za makumbusho hayo hayo imehifadhiwa Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na wakoloni mwaka 1902. Mwenzake anayekulia Chicago anaweza kuwaona katika Field Museum wale simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Wote wawili husoma kibandiko na kwenda zao, kwa kuwa hawana mzee wa kuwaeleza. Wajukuu wa Namboboto wako karibu na mahali vitu hivyo vilikotoka, na babu na nyanya zao wangali hai. Bahati hiyo ina muda wake. Kila mwaka unaopita bila kuulizwa, wazee huzikwa na habari zao.

Njia yenyewe ni ya kale kuliko mpaka wa Kenya na Uganda hapo Busia. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilifika katika milki ya Wanga, kituo walichokiita Kwa Sundu kwa jina la mfalme wake, Nabongo Shiundu. Mwanawe Mumia alirithi kiti mwaka 1882, na kituo hicho ndicho mji wa Mumias wa leo. Misafara ilileta nguo, shanga na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu, na mara nyingine na binadamu waliotekwa. Uislamu na Kiswahili vilianza kuota mizizi Mumias katika siku hizo. Wasamia nao walikuwa na bidhaa yao. Wahunzi wao walichimba mawe ya chuma vilimani, wakayayeyusha kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyouzwa Busoga, Wanga na kwa Wajaluo. Majembe ya kiwandani yalipofika kwa bei nafuu, kazi hiyo ilififia.

Watu watatu waliopita njia hiyo wanafaa kujulikana kabla ya safari. Wa kwanza ni Joseph Thomson, Mskoti aliyetoka pwani na msafara wa wapagazi na kufika ukingo wa Ziwa Victoria mwaka 1883, baada ya kupitia Kwa Sundu. Wa pili ni Askofu James Hannington, aliyeondoka Rabai mwezi Julai 1885, akapita Kwa Sundu Oktoba, na kuuawa Busoga tarehe 29 mwezi huo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Aliyewarudisha pwani wapagazi waliobaki ni William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kulelewa India. Vitabu vingi humtaja askofu na kumsahau Jones, ilhali ndiye aliyeifahamu njia kwa kwenda na kurudi.

Wa tatu ni Mekatilili wa Menza, mjane wa Kigiriama aliyewaapisha watu wake mwaka 1913 wasitoe vijana wala kodi kwa Waingereza. Alikamatwa na kupelekwa uhamishoni magharibi mwa nchi, mahali palipodhaniwa kuwa mbali mno asiweze kurudi. Alitoroka, akarudi kwao kwa miguu. Mjukuu anayetoka Namboboto kwenda Malindi anafuata mwelekeo aliokwenda mama huyo, tofauti ni kwamba yeye ameketi kwenye gari.

Jambo jingine la kufahamika mapema ni mipaka. Mwaka 1900 Namboboto na Mombasa hazikuwa chini ya utawala mmoja. Eneo la magharibi lilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda hadi Aprili 1902, lilipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Mstari uliochorwa baadaye uliwaacha Wasamia wengine upande wa Uganda, ndiyo maana ndugu wa baba mmoja leo wana vitambulisho vya nchi mbili. Huko pwani, ukanda wa maili kumi uliendelea kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar kisheria hadi Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Mtoto akielewa hilo, ataelewa kwamba nchi anayoiita yake ilishonwa kwa vipande, na kwamba kwao ni kimoja cha vipande hivyo.

Kituo cha kwanza kinachofaa ni Makumbusho ya Reli, Nairobi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu Desemba 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na takriban 2,500 walifariki kazini. Katika makumbusho hayo lipo behewa ambamo afisa wa polisi Charles Ryall alinyakuliwa na simba mwaka 1900 huko Kima. Tawi la Butere lilifunguliwa 1930, na mwaka 1931 njia ya kupitia Malaba na Tororo ilifika Kampala. Hapa mzee aliyewahi kusafiri kwa daraja la tatu ana mengi ya kueleza: nauli, mizigo, usiku mzima kwenye behewa, na jinsi barua kutoka Mombasa ilivyongojewa nyumbani.

Kutoka Nairobi, treni ya reli ya kisasa iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017 hufika Miritini, Mombasa, kwa saa tano au sita. Inapita nyika ya Tsavo, ambako ndovu wekundu kwa vumbi huonekana dirishani. Safari iliyomchukua mpagazi majuma huisha kati ya staftahi na chakula cha mchana.

Mombasa, jengo la kwanza ni Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na umbo lake likitazamwa kutoka juu hufanana na mwili wa binadamu. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi, kabla ya kuitwaa. Waingereza waliifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2011. Humo ndani vipo vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Ukuta ule ule umeshikwa na mataifa matatu, na watu wa Mombasa wamebaki.

Ng'ambo ya kisiwa, upande wa kaskazini, ipo Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele yao ingali imesimama kando ya barabara, na mahali hapo huitwa Kengeleni. Ilipigwa kuwaonya wakazi kuwa watekaji wanakuja. Somo la kituo hiki ni zito na halifai kupunguzwa makali kwa sababu ya umri wa mtoto. Aelezwe kwamba wauzaji walikuwa wa rangi na makabila mengi, Waafrika wakiwemo, na kwamba waliouzwa walikuwa na majina na mama zao. Mzee ndiye anayejua kulisema jambo hilo kwa sauti ambayo mtoto ataibeba bila kuogopa usiku.

Rabai, kaskazini-magharibi mwa Mombasa, ndiko alikofungua misheni Johann Ludwig Krapf mwaka 1846, akiwa na Johannes Rebmann. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, baada ya kifo chake. Karibu na makumbusho ya Rabai ipo misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2008. Kaya ni maboma ya mababu ndani ya msitu, na huingiwa kwa idhini ya wazee wake. Mzee wa Kisamia na mzee wa Kirabai wakikutana hapo, wajukuu wakae kimya wasikilize.

Gedi, karibu na Watamu, ndicho kituo kilicho tajiri kuliko vyote. Ni mji wa mawe wa Waswahili uliositawi kwa karne kadhaa na kuhamwa katika karne ya 17. James Kirkman aliuchimba kuanzia mwaka 1948, na UNESCO iliuorodhesha mwaka 2024. Kaburi moja lina mwaka wa Kiislamu 802, sawa na 1399. Nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyopatikana humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Taa ya Chuma. Kauri za China na shanga za Ulaya zilifika kwa majahazi yaliyosukumwa na upepo wa kaskazi, kisha kurudishwa na kusi. Mbele ya Nyumba ya Taa ya Chuma babu aeleze chuma cha Samia: jiwe lilichimbwa wapi, mvukuto ulitengenezwa kwa ngozi gani, jembe lilibadilishwa kwa nini. Hapo mjukuu ataona kwamba wahenga wake walikuwa mafundi katika dunia ile ile iliyojenga Gedi.

Safari huishia Malindi, ambako Vasco da Gama alitia nanga Aprili 1498, na ambako leo ipo sanamu ya Mekatilili. Inafaa kumaliza kwake. Lamu, iliyo urithi wa dunia tangu 2001, ni nzuri mno, lakini kupanda na kushuka boti kunawachosha wazee wenye magoti mabovu. Iachwe kwa ziara ya pili.

Ufundishaji hufuata utaratibu mwepesi. Majuma mawili kabla ya safari, kila mjukuu humhoji babu au nyanya yake kwa lugha ya nyumbani na kuandika majibu kwenye daftari. Njiani, kila jioni, mzee na mtoto huandika pamoja jambo moja lililowashangaza na swali moja lisilojibiwa. Mtoto hukusanya pia maneno. Atawasikia watoto wa Mombasa wakiamkia wakubwa kwa shikamoo, na atawaambia kuwa boda-boda, neno wanalolitumia kila siku, lilizaliwa kwenye mpaka wa Busia kwa waendesha baiskeli waliovusha watu. Pwani iliipa Busia lugha, na Busia ikairudishia neno. Walimu wa mtaala wa umilisi wanaweza kuipokea kazi hiyo kama mradi wa Masomo ya Jamii na wa Kiswahili.

Mipango ya safari huanza na afya. Wenye presha na sukari wapimwe kabla ya kuondoka na wabebe dawa za siku zote pamoja na akiba. Kutoka Busia hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400, hivyo gari lisimame kila baada ya saa mbili, na wote walale Nairobi kabla ya kupanda treni. Pwani, matembezi yawe asubuhi na baada ya alasiri, kwa sababu joto la mchana humwangusha hata kijana. Ardhi ya Gedi ni tambarare na ina kivuli cha miti. Ngome ya Yesu ina miinuko, na mzee anahitaji mkono wa kushika. Likizo ya Agosti hufaa zaidi: Aprili kuna mvua za masika, na Desemba kuna joto na bei hupanda.

Mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa na mtoto abebe cheti cha kuzaliwa, maana tiketi ya treni huhitaji namba hizo. Ndugu wa upande wa Uganda wanaweza kuungana na msafara, kwa kuwa tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka kwa vitambulisho vyao. Watoto wao waandaliwe hati mapema. Msafara wa wazee kumi na wajukuu kumi na watano, pamoja na mwalimu na muuguzi, hutosha basi dogo moja na husikilizana.

Gharama hugawanyika sehemu nne: usafiri, malazi, chakula na viingilio. Viingilio ndivyo vidogo zaidi, kwani raia hulipa chini ya wageni. Hapa ndipo walio ughaibuni wana wajibu wao. Fedha zinazotumwa nyumbani zimezoea njia tatu, yaani karo, hospitali na mazishi, na zote ni za lazima. Mzee hustahili pia kuchangiwa akiwa angali na nguvu za kusimulia. Familia mbili tatu za ughaibuni zikishirikiana kulipia mzee mmoja na mjukuu mmoja, mzigo hautamlemea yeyote, na daftari litakaloandikwa litawafaa hata watoto waliozaliwa nje.

Baada ya kurudi, madaftari husomwa shuleni mbele ya wazazi, wazee wakiketi mbele kama wenye habari. Nakala moja hubaki maktaba ya shule, moja hubaki nyumbani kwa mzee, na moja hutumwa ughaibuni kwa wajukuu ambao hawajawahi kuviona vilima vya Samia.

Kutoka ughaibuni,
Mwana wa Namboboto