Miguu Husaidia Akili

Kila asubuhi mjini Butembo watoto wengi hushuka kilima kimoja na kupanda kingine ili kufika masomoni. Pikipiki huwapita mbio. Basi mtoto mwingine huona haya. Hudhani kwamba aendaye kwa miguu ni maskini, na apandaye pikipiki ndiye mtu wa maana. Mawazo hayo si ya kweli. Aendaye kwa miguu hupata mali asiyoiona.

Mali hiyo ni nini? Mtu akitembea upesi, moyo hupiga kwa nguvu na mapafu huvuta hewa nyingi. Damu hukimbia mwilini mwote, hata katika ubongo. Ndiyo maana mtu aliyekaa na kuchoka kwa kuwaza, akitembea kidogo, akili yake huamka.

Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za wazee 120. Nusu yao walitembea mara 3 kila juma, hata kufikia dakika 40 kila mara, muda wa mwaka mzima. Wengine walinyosha viungo tu. Kisha ubongo wao ulipimwa. Kwa waliotembea, sehemu moja inayotunza kumbukumbu iliongezeka karibu 2 kwa mia. Kwa wengine ilipungua. Ikiwa miguu huwafaa wazee hivyo, mbona kijana aidharau? Na Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri watoto wachangamshe mwili dakika 60 kila siku. Nusu saa ya kwenda na nusu saa ya kurudi hutimiza saa hiyo.

Lakini si kila mwendo hujenga mwili. Mama atokaye shambani na mzigo mzito mgongoni, kamba ikimkaza kipaji, hachezi michezo, anaumia. Vilevile msichana aliyechota maji peke yake tangu alfajiri huingia darasani amekwisha nguvu. Kaka zake na wamsaidie. Maji ni ya nyumba nzima.

Tena kuna hatari. Katika nchi ya Beni, tangu mwaka 2014, watu wengi wameuawa vijijini, mashambani na njiani. Wazazi wakiogopa, wana haki. Mtoto asipite porini peke yake, wala asitembee usiku. Pasipo na usalama, afadhali azunguke uwanja wa shule pamoja na wenzake. Na wakubwa wakumbuke: njia salama ni haki ya mtoto, kama vile daftari na kalamu.

Injili ya Luka yasimulia wafuasi wawili waliokwenda Emau kwa miguu. Walikuwa na huzuni, lakini waliongea njiani, na humo njiani Bwana aliwaeleza Maandiko.

Basi, watoto, msione haya kwa sababu ya miguu yenu. Tembeeni wawili wawili au kwa kundi. Njiani mwulizane hesabu na masomo ya jana. Atembeaye hivyo hufika shuleni amekwisha anza kusoma.