Risala ya Walimu na Wanafunzi wa Historia ya Ufilipino kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu

Mheshimiwa Waziri, waheshimiwa wakuu wa vyuo, mabibi na mabwana,

Sisi walimu na wanafunzi wa historia na utamaduni wa Ufilipino tunashukuru kupewa nafasi ya kufika mbele yenu. Kazi yetu ni kuichunguza nchi yetu wenyewe, na kwa muda mrefu tumeifanya kwa uvumilivu. Kwa heshima tunaleta kero tano.

1. Agizo la Wizara ya Elimu la mwaka 2014 liliondoa historia ya Ufilipino kama somo la pekee katika shule za sekondari. Wengi tunaowapokea chuoni waliisoma kikamilifu mara ya mwisho wakiwa shule ya msingi, nasi hulazimika kuanza upya. Tunaomba somo hilo lirejeshwe.

2. Kwa miongo mingi watoto wetu walikaririshwa Sheria za Kalantiaw, zilizodaiwa kuwa sheria za kale za wazee wetu za mwaka 1433. Mwaka 1968 mwanahistoria William Henry Scott alithibitisha kuwa ni za kughushi, lakini ziliendelea kutajwa shuleni muda mrefu baadaye. Tunaomba kila kitabu cha kiada kikaguliwe na wanahistoria kabla ya kuchapwa.

3. Hispania ilitutawala kuanzia 1565 hadi 1898, na kumbukumbu za utawala huo ziko kwa Kihispania. Katiba ya 1987 iliifanya lugha hiyo kuwa ya hiari. Nazo barua za masultani wa Sulu, kusini mwa nchi yetu, ziliandikwa kwa Jawi, yaani hati ya Kiarabu. Wanaoweza kusoma nyaraka hizo ni wachache, na wengi wao ni wazee. Tunaomba walimu na ufadhili wa masomo ya lugha na hati hizo.

4. Nyaraka nyingi zinazotuhusu ziko Seville, Hispania, na Kodeksi ya Boxer, yenye michoro ya wazee wetu wa karne ya 16, iko Indiana, Marekani. Asiye na nauli hufanya utafiti kwa kunukuu wageni. Zilizokuwa hapa nyumbani, nyingi ziliteketea katika vita vya Manila mwezi Februari 1945. Tunaomba Serikali igharamie nakala za kidijitali za zilizo ng'ambo, na maghala salama kwa zilizosalia.

5. Mwaka 1904 Waigorot, wenyeji wa milima ya kaskazini mwa nchi yetu, walipelekwa St. Louis, Marekani, wakawekwa kwenye maonyesho watazamwe. Hadi leo wapo watafiti wanaopanda milimani, wakachukua simulizi na picha, wasirudi tena. Sheria ya mwaka 1997 inataka ridhaa ya jamii za asili. Tunaomba isimamiwe, na matokeo ya kila utafiti yakabidhiwe wenyeji kwa lugha yao.

Mheshimiwa, yote haya yamo ndani ya uwezo wa ofisi yako. Tunaomba majibu kwa maandishi, pamoja na kamati ya pamoja ya kufuatilia utekelezaji kabla bajeti ijayo haijapitishwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Walimu na wanafunzi wa historia ya Ufilipino,
Manila