Mwanafunzi mwerevu kupindukia pia anahitaji elimu maalum

Kila darasa liko na huyo mmoja. Mwalimu hajamaliza kuandika hesabu ubaoni, yeye tayari ako na jibu. Dakika tano baadaye ameboeka, anachora kwenye daftari na kuongelesha jirani. Kabla ya kengele ya mapumziko, ashasimamishwa nje kwa utundu. Msee huyu huitwa majina mengi. Jina asiloitwa ni mwanafunzi mwenye mahitaji maalum.

Ukisema anafaa kuhesabiwa huko, wengi watakucheka. Elimu maalum, kwa wengi wetu, ni Braille, lugha ya ishara na kiti cha magurudumu. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 haicheki. Inasema elimu ya mahitaji maalum inajumuisha wanafunzi wenye vipawa au vipaji pamoja na wale wenye ulemavu. Inataja pia mtaala, mbinu za kufundisha na hata muda wa masomo kurekebishwa ili kumfaa mwanafunzi. Kwa hivyo kwenye karatasi washahesabiwa. Swali ni kwa nini darasani mambo ni yale yale.

Kuna hoja nzito ya upande wa pili: pesa. Kiwango rasmi cha serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma ni Sh1,420 kwa mwaka. Mtoto asiyeona anayengoja mashine ya Braille hafai kuambiwa angoje zaidi kwa sababu ya mwenzake anayeongoza darasa kila muhula. Hapo tunakubali bila ubishi. Haki ya mmoja isitolewe mfukoni mwa mwingine.

Lakini anachohitaji huyu mwerevu kwa kawaida si kifaa cha bei. Ni swali gumu kidogo kuliko la wenzake. Ni kitabu cha gredi ya mbele, ruhusa ya kuruka zoezi analolijua tayari, na saa moja kwa wiki na mwalimu anayelipenda somo hilo. Gharama kubwa ni kumpa mwalimu mafunzo na kumpunguzia msongamano, jambo ambalo lingefaidi darasa zima.

Wengine watasema ufadhili upo, kama Wings to Fly ulioanza 2010. Ni jambo jema sana, na umeokoa ndoto nyingi. Ila ufadhili hulipa karo, haubadilishi somo. Tena kuwachagua wanafunzi kwa alama za mtihani huwaacha nje wengi. Kiziwi mwenye akili ya ajabu ya hesabu, msichana wa mtaa wa mabanda anayechota maji na kulea wadogo zake kabla ya kufungua kitabu, kijana anayetatizika kusoma lakini anafungua redio iliyokufa na kuifufua: hawa alama zao ni za kawaida tu. Nani anawaona?

Mtaala wa Umilisi uliahidi kuviona vipaji, na sasa shule ya upili ya juu ina mikondo mitatu ya kuchagua. Hiyo ni hatua. Lakini kuchagua mkondo hakumsaidii aliyeboeka tangu Gredi ya 3. Kufikia hapo huenda ashajifunza kwamba kufaulu hakuhitaji jasho. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtoto anayepigiwa makofi kila muhula bila kutoka jasho huangukia pua siku ya kwanza anapokutana na kitu kigumu kikweli, mara nyingi chuoni, mbali na nyumbani, akidhani amekuwa mjinga ghafla.

Wizara ya Elimu ianze na mambo matatu. Vituo vinavyotathmini watoto wenye mahitaji maalum vitathmini vipawa pia, bila kutegemea alama pekee. Kila mwalimu anayesomea kazi hiyo afunzwe kumtambua na kumfundisha mwanafunzi wa aina hii. Na bajeti yake iwe kando, isiguse ya wenye ulemavu.

Nawe unayesoma hapa, labda uko na mdogo wako nyumbani anayeuliza maswali hadi mnamwambia anyamaze. Usimnyamazishe. Mtafutie swali gumu zaidi.