Simu ya Mjukuu na Mlango wa Rawdha



Ndugu wasomaji, juma hili tumeuacha mwambao kidogo. Tulialikwa Isiolo kwenye nikahi, tukakaa siku tatu Bula Pesa katika nyumba ya jamaa zetu wa Kiborana, na humo tukakutana na bibi mmoja ambaye nyumba nzima humwita Akko, yaani bibi kwa lugha yao. Akko alikuwa ametoka Umra si zamani. Jioni, wanawake walipokwisha kuandikwa hina, alitusimulia safari yake, nasi tukamwomba ruhusa tuyaandike aliyotwambia. Alikubali kwa sharti moja: tusimlaumu mjukuu.

Mjukuu ndiye aliyemtayarishia kila kitu. Alijaza fomu za pasipoti, akampeleka kuchanjwa, akaijaza programu iitwayo Nusuk, ambayo Saudia iliizindua mwaka 2022 kwa ajili ya mahujaji na wafanyao Umra. Ila aliijaza katika simu yake mwenyewe, kwa laini yake mwenyewe. Akko alipewa simu ndogo ya kubonyeza, ya kupokea salamu za nyumbani.

Makka alitufu na kusai vyema. Walipofika Madina, wanawake wa msafara wao walipangiwa saa ya kuingia Rawdha, ile sehemu ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.) iliyo baina ya nyumba yake na mimbari yake. Siku hizi haiingiwi kwa kusukumana. Mtu huomba miadi katika Nusuk, wanawake wana nyakati zao na wanaume zao, na mlangoni mlinzi huutazama ule mraba wa vinukta vyeusi katika simu ya kila mmoja. Mraba wa Akko ulikuwa katika simu ya mjukuu. Saa ya Madina na saa ya Isiolo ni moja, kwa hivyo hakuwa amelala. Alikuwa njiani kwenda Merti kwa kazi, mahali ambapo mtandao huja na kupotea. Walimpigia mara nyingi. Mwisho wenzake wakaingia, naye akabaki nje amewashikia mikoba.

“Nilimsalimia Mtume nikiwa nje,” alitwambia. “Salamu hufika.” Kisha akanyamaza, nasi hatukuwa na la kuongeza.

Tumelifikiri jambo hili tangu turudi, kwa sababu nyumba zetu za pwani nazo zina mtindo uo huo. Mama anasafiri, karatasi ziko kwa mtoto wa kiume, neno la siri liko kwa kijana wa saiba aliyemfungulia barua pepe, na tarehe za chanjo anazijua wakala. Mwenye safari mwenyewe hana analolijua ila siku ya kuondoka. Tunaona haya kumwambia mtu mzima ajifunze simu, tukadhani tunamheshimu kwa kumfanyia. Kumbe pale mlangoni anaulizwa yeye.

Tuanze na chanjo, maana huko ndiko siku huhesabiwa. Msafiri wa Hija au Umra anatakiwa awe amechanjwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ile ya aina nne, si chini ya siku 10 kabla ya kufika Saudia. Sharti hili lina historia yake. Mwaka 1987 ugonjwa huo ulilipuka katika Hija, na miaka miwili baadaye, mlipuko ulipotokea Nairobi, watafiti waliona kijidudu chake kuwa ni cha ukoo ule ule. Kisha mwaka 2000 na 2001 ikazuka aina nyingine ambayo chanjo ya kawaida ya wakati ule haikuikinga, na tangu 2002 Saudia ikadai hii ya aina nne. Mahujaji hulala, hula na huswali bega kwa bega, na ugonjwa huu hupita katika pumzi na mate. Mwomba mchanjaji aandike katika cheti ni chanjo ya namna gani: ikiwa ni ile ya kisasa iitwayo konjugeti, cheti hutambuliwa miaka 5, isipoandikwa, huhesabiwa miaka 3 tu. Mama aliyekwenda miaka minne iliyopita anaweza kudhani bado ana kinga, akarudishwa kwa mstari mmoja usioandikwa.

Ya pili ni homa ya manjano, na hii watu wa Isiolo hawahitaji kuelezwa. Machi 2022 wizara ya afya ilitangaza mlipuko wa homa hiyo katika kaunti yao, na watu walikufa. Kenya imo katika nchi ambazo wasafiri wake hudaiwa cheti cha homa ya manjano waingiapo Saudia, mkubwa kwa mdogo, kuanzia mtoto wa miezi tisa. Cheti chenyewe ni kile kitabu cha manjano cha kimataifa, chenye sahihi na muhuri. Aliyechanjwa kijijini akapewa kikaratasi asidhani kwamba kikaratasi hicho kitapita uwanja wa ndege. Cheti huanza kutumika siku ya 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Anayekuambia kimekwisha kwa kuwa miaka kumi imepita anakuambia kanuni ya zamani. Basi msikitupe kitabu cha zamani. Kitafuteni sandukuni kabla ya kulipia kingine.

Hapa tutasisitiza jambo ambalo mawakala huliruka. Chanjo ya homa ya manjano si ya kila mwili. Aliyevuka miaka 60 na hajapata kuchanjwa, mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye ugonjwa au dawa zinazodhoofisha kinga, wote hao wamwone daktari kwanza. Daktari akiona haifai, yako maandishi rasmi ya udhuru ambayo huyaandika katika kitabu kile kile. Akko ana miaka sabini na kitu. Alichanjwa bila kuulizwa swali hata moja, akaumwa siku nne. Alhamdulillah alipona.

Kutoka Isiolo hadi Nairobi ni yapata kilomita 280, na chanjo za msafiri hazipatikani katika kila zahanati. Kwa hivyo mtu wa huko, kama mtu wa Lamu au Kipini, ahesabu siku zake kwa mapana: mwezi mmoja na nusu kabla ya safari si mapema mno. Na jina! Fatuma katika kitabu na Fatma katika pasipoti ni watu wawili mbele ya afisa. Kagueni herufi kwa herufi palepale mezani pa mchanjaji, si nyumbani.

Dawa za kila siku, za sukari na za presha, zibebwe katika mkoba wa mkononi, ndani ya vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari yenye majina ya dawa na kipimo. Baadhi ya dawa za maumivu ambazo hapa hununuliwa bila shida nyingi, kama tramadoli na zenye kodeini, kule zinadhibitiwa vikali. Na kwa kuwa Isiolo imepakana na Meru, tuseme bila kuzunguka: miraa ni dawa ya kulevya katika sheria ya Saudia. Akina mama, msikubali kubebeshwa “kifurushi kidogo” cha mtu mwingine, hata akiwa ni jirani, hata akiapa.

Sasa simu. Mwenye safari awe na simu yake mwenyewe inayoweza kubeba programu hiyo, na ajisajili kwa laini yake na barua pepe yake. Namba ya uthibitisho hutumwa kwa aliyesajiliwa. Ikiwa ni laini ya mjukuu, mjukuu ndiye anayesafiri. Laini ifunguliwe huduma ya nje ya nchi kabla ya kuondoka, ijaribiwe, na neno la siri liandikwe katika kijitabu anachokijua yeye. Miadi ikipatikana, ipigwe picha katika simu na ichapishwe karatasi pia, pamoja na nakala za pasipoti, viza na kitabu cha manjano. Mlinzi aweza kutaka kuiona programu yenyewe, lakini karatasi humsaidia kiongozi wa msafara kukutetea.

Wapo wanaosema mambo haya ya programu ni usumbufu wa serikali, na zamani watu walikwenda tu. Zamani watu wa mwambao walipanda meli hadi Jedda, na katika Hija ya mwaka 1865 kipindupindu kiliua maelfu na kusambaa duniani kupitia bandari. Mwaka uliofuata mataifa yakakutana Istanbul kwa sababu hiyo, na baadaye pakajengwa karantini katika kisiwa cha Kamaran, Bahari ya Shamu, ambako mahujaji waliokuja kwa meli walishushwa na kuzuiwa kwa siku kadhaa. Hata hao hawakwenda tu. Na karibu zaidi na sisi, katika Hija ya mwaka 2024, joto la Makka lilipita nyuzi 51, na Saudia ikatangaza vifo 1,301. Ikasema 83 katika kila 100 ya waliofariki hawakuwa na kibali. Asiye na kibali hana hema la kupoza, wala basi, wala jina katika orodha ya watu wanaotafutwa wakipotea. Wengi wao walikuwa wametoa pesa zao zote kwa mtu aliyewaahidi njia ya mkato.

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka Isiolo tulimkuta Akko barazani na bi harusi, ambaye ndiye mke wa mjukuu yule. Alikuwa ameshika simu mpya, miwani puani, na msichana amekaa pembeni mikono yake yenye hina ameikunja, amekatazwa kugusa. Akko alilikosea neno la siri mara mbili. Mara ya tatu ikafunguka, akaizima, akaanza tena.

“Ukinisaidia,” alimwambia, “nitakuchapa.”

Ananuia kurudi Madina mwakani, inshaallah. Pasipoti yake bado ina miaka mitatu, kitabu cha manjano amekitia ndani ya mfuko wa msahafu, na anataka daktari amwandikie dawa zake kwa herufi kubwa.