Hiyo 2K ya Kupulizia Chumbani Si Ujuzi

Wasee, leo mtanikasirikia na niko sawa na hiyo. Kila mtu akipost nganya ndogo aliyoiunda mwenyewe, kazi safi, taa zinawaka, milango inafunguka, swali la kwanza ni "umepiga rangi gani?" Jibu karibu kila mara ni lile lile: "Ya gari buda, 2K, hapa hatuchezi." Sasa kuna dogo wa kidato cha tatu mahali, amemaliza bodi yake ya plastiki, anasoma hiyo jibu na anaamini kwamba bila 2K yeye si fundi. Anaweka pesa kidogo kidogo, anatuma parseli na basi la Nairobi, rangi inafika hadi huku Tseikuru, halafu anaipulizia wapi? Kwa chumba anacholala na wadogo zake, mlango umefungwa ndio vumbi lisiingie.

Huyo dogo tumemdanganya.

2K ni rangi ya vitu viwili: kilia yenyewe, na hadina ya kuifanya igande iwe ngumu kama jiwe. Ndani ya hadina kuna kemikali zinazoitwa isosayaneti. Ukipiga sprei zinakuwa ukungu, na ukizivuta zinaweza kukupa pumu. Mbaya zaidi, mwili ukishazikataa mara moja, baadaye hata kiasi kidogo sana kinatosha kukubana kifua. Na usingoje pua ikuonye, kwa sababu zinaweza kukudhuru kabla hujasikia harufu yoyote. Gereji zilizo makini humvalisha mpiga rangi barakoa ya bomba, inayomletea hewa safi kutoka nje ya chumba. Wewe una ile ya Korona iliyobaki kwa droo. Hiyo inashika matone na vumbi kidogo, mvuke unapita kama hakuna kitu. Na bado sijagusa thina, ambayo mvuke wake unashika moto, na tunajua vizuri jioni kwa nyumba nyingi kuna jiko la makaa au koroboi hatua mbili kutoka hapo.

Najua mtaniambia nini. "Lakini nganya zenyewe, zile kubwa, zinapigwa 2K." Ndiyo, na ziko na sababu. Basi la ukweli linakutana na jua la mchana, mvua, mawe ya barabarani, mafuta yanayomwagika, na kuoshwa kila siku kwa maji ya presha. Lako litakaa juu ya kabati ya TV. Adui yake mkubwa ni kitambaa cha mathe akipangusa vumbi. Unavaa koti la vita kwenda dukani kununua mkate.

Halafu kuna hesabu ambayo hakuna mtu anapenda kufanya. Tuseme gari lako ni la kipimo cha 1 kwa 24. Ukipaka rangi hadi ifike unene wa milimita 0.1, jambo la kawaida sana kwa rangi ya gari ukihesabu praima na kilia, hiyo kwa basi la kweli ni sawa na milimita 2.4. Fikiria basi lililopakwa uji. Mistari ya milango inajaa, riveti zinazama, ile grili uliyochonga usiku tatu inakuwa kama imemwagiwa nta. Hata ile rangi ya kumetameta ina vipande vilivyotengenezwa vionekane kwa gari kubwa, kwa hivyo kwa gari la urefu wa mkono vinaonekana kama mchanga. Ndio maana hizo kazi zetu kwa picha zinang'aa sana lakini ukiangalia vizuri unaona toi. Kung'aa si ufanano.

Na plastiki yenyewe je? Mchongaji wa Wamunyu haanzi kufikiria polishi kabla hajajua ameshika mti gani. Sisi tunaanza na polishi. Zile kiti za kuunganisha kutoka nje, za Tamiya au Airfix, ni polistirini, na thina kali ya gari inaiyeyusha: uso unakunjamana, kona zinalegea, kazi ya wiki mbili imeenda. Foreksi wanayotumia watu wa mabango inavumilia zaidi, lakini ukiimwagia koti zito bado inaweza kukuumiza. Jaribu kwa kipande unachotupa, au kijiko cha plastiki. Kijiko ni bei ya peremende.

Sasa upande wa pili, maana kuna hawa wengine, wale wa "kama si Vallejo au Tamiya usiniongeleshe." Rangi hizo ni nzuri, sikatai. Zimesagwa laini zikapita kwa brashi ya hewa yenye tundu la milimita 0.3 bila kuziba. Lakini mkija kumwambia kijana wa Kyuso kwamba hawezi kuanza mpaka kichupa kitoke Uhispania au Japani, mnafunga mlango tu. Akriliki ya maji, ile ya wachoraji wanaochora turubai, inafanya kazi ukiijua. Iongeze maji hadi iteleze kama maziwa, ichuje kwa kitambaa cha stokingi, ipige kwa presha ya chini, kati ya 15 na 25, koti nyepesi nyepesi. Usiongeze spiriti bila kujaribu kwa kifuniko cha soda kwanza. Kuna akriliki zinazoipenda na kuna zinazoganda kama maziwa yaliyoharibika.

Haina makosa? Iko nayo. Inakwaruzika kirahisi, inataka praima chini, na ukibandika teipu kabla haijakauka vizuri, ngoja hata siku nzima, itang'oka na teipu. Na kwa joto la huku kwetu inakauka hewani kabla haijafika kwa bodi, unapata uso wa mchanga, na ncha ya sindano inaziba kila dakika mbili. Ndiyo maana mimi hupiga asubuhi, jua likiwa bado halijakasirika na upepo haujaamka. Wale wa kupiga saa nane mchana halafu wanalaumu rangi, pole zenu.

Kuna aliyeniuliza kuhusu maji, na hilo ni swali la mtu wa hapa kweli. Tseikuru maji yanabebwa, hayachezewi. Kusafisha brashi ya hewa ya akriliki kunataka kikombe kimoja, tena unaweza kuanza na maji ya kwanza machafu na kumalizia na safi kidogo. Usimwage mahali mbuzi wanakunywa, basi. Linganisha na thina, ambayo unanunua kila mara na huna mahali pa maana pa kuimwaga.

Jambo la njano nalisema polepole. Tangu zile sheria za Michuki za 2004, matatu ina mstari wa njano, kwa hivyo nganya yako ndogo lazima iwe nao. Rangi za mafuta za njano na nyekundu ndizo zilizokuwa zikipewa mng'ao kwa madini ya risasi kwa miaka mingi. Kiwango cha Kenya sasa ni sehemu 90 kwa milioni, si zaidi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kopo lenye lebo unaweza kuliuliza maswali. Ile ya kupimiwa kwa chupa ya soda, huwezi. Na ukiisugua kwa msasa, vumbi lake linaishia kwa mikono ya mtoto, kwa sababu gari dogo likiachwa mezani mtoto atalichukua tu, hata ukisema ni la kuangalia.

Wateja? Nimeambiwa "mteja anataka ing'ae." Sawa. Piga akriliki zako, ngoja zikauke, halafu malizia na vanishi ya maji ya kung'aa, koti mbili nyembamba. Mwekee mteja hiyo mkononi na umuulize ni gani 2K. Akitaja, nitalipia kijiko.