Manukato ni Sunna, lakini mnunuzi ana haki ya kujua kilichomo



Katika siku ya Ijumaa Waislamu huoga, huvaa nguo safi na kujitia manukato kabla ya kwenda msikitini. Hilo ni jambo jema lenye asili katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.), ambaye alipenda harufu nzuri, na imepokewa kwamba hakuwa akikataa manukato alipopewa. Kwa hiyo ieleweke tangu mwanzo kwamba hatuna lengo la kumkataza mtu kujitia uturi wala kufukiza udi nyumbani kwake. Tunalotaka kuuliza ni swali moja ambalo wauzaji na wanunuzi wote wamelinyamazia kwa muda mrefu: ndani ya kichupa kile kuna nini?

Wengi wetu tunaponunua manukato huuliza kitu kimoja tu, nacho ni kama yana kileo. Muuzaji akijibu kuwa hayana, tunalipa na kuondoka tukiwa tumeridhika. Swali hilo lina nafasi yake katika fiqhi na wanavyuoni wamelizungumza kwa upana. Hata hivyo, kukosekana kwa kileo si dalili kwamba mafuta hayo ni salama kwa ngozi au kwa mapafu. Katika marashi ya kupuliza, kazi kubwa ya kileo ni kuyeyusha na kubeba manukato. Harufu yenyewe inatokana na vitu vingine, na hivyo ndivyo tusivyoviuliza.

Zamani wazee wetu walijua manukato yao kwa majina: waridi, asumini, sandali, karafuu, udi. Leo sehemu kubwa ya harufu zinazouzwa madukani hutengenezwa viwandani kwa kemikali. Orodha iliyotolewa na IFRA, chama cha kimataifa cha wenye viwanda vya manukato, ina viungo zaidi ya 3,000. Kichupa kimoja kinaweza kuwa na makumi ya viungo hivyo, lakini kwenye lebo vyote hufichwa nyuma ya neno moja tu, "Parfum" au "Fragrance". Nchini Marekani kinga hiyo ina mizizi katika sheria ya vifungashio ya mwaka 1966, ambayo haikuruhusu wenye viwanda walazimishwe kutoa siri zao za biashara.

Madhara yanayojulikana zaidi ni mzio wa ngozi, au aleji kama wengi wanavyouita. Mtu anaweza kutumia manukato fulani kwa miaka mingi bila tatizo, kisha mwili wake ukaanza kuyakataa: ngozi inawasha, inawekundika, inatoka malengelenge au kupasuka. Mwili ukishakizoea kitu kuwa ni adui wake, kwa kawaida hali hiyo hudumu maisha yote. Dawa hutuliza dalili tu, na kinga ya kweli ni kukiepuka kitu hicho. Lakini mtu atakiepuka vipi kitu ambacho hakikutajwa popote?

Na asije mtu akadhani kwamba vitu vya asili havihusiki. Karafuu za Unguja na Pemba zina eujenoli, mchaichai una sitrali, waridi lina jeranioli, na vyote vitatu vimo katika orodha ya vitu vinavyoweza kuleta mzio. Aidha, baadhi ya viungo, kama vile linaloli inayopatikana katika mrujuani na limonini ya maganda ya machungwa, huzidi kuleta mzio vinapokaa na kuchanganyika na hewa. Ndiyo maana chupa iliyofunguliwa na kuachwa kabatini kwa miaka si ya kuaminiwa.

Wenzetu wa Ulaya wameliona hili. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika mwaka 2005, iliwataka watengenezaji kutaja kwa majina viungo 26 vya harufu pale vinapozidi kiwango maalumu. Mwaka 2023 orodha hiyo ilipanuliwa hadi kuzidi viungo 80, na bidhaa mpya zikapewa muda hadi tarehe 31 Julai 2026 kutimiza sharti hilo. Vipo pia viungo vilivyopigwa marufuku kabisa. Kimoja ni Lilial, ambacho kilitumika kwa wingi katika marashi, sabuni na shampuu. Majaribio kwa wanyama yalionyesha kuwa kinaathiri uzazi, na kuanzia tarehe 1 Machi 2022 kikaondolewa katika vipodozi vya Ulaya. Kwenye lebo huandikwa Butylphenyl Methylpropional. Mwenye chupa ya zamani na aitazame. Marekani nayo, kwa sheria iliyotiwa saini Desemba 2022, iliiagiza mamlaka yake ya chakula na dawa kuandaa kanuni za kutaja viungo vya harufu vinavyoleta mzio.

Upande wa pili ni moshi. Chetezo chenye makaa na udi hutoa vumbi laini linaloingia ndani ya mapafu, pamoja na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, hasa pale milango na madirisha yanapofungwa ili harufu ikae. Utafiti uliofanywa Oman na kuchapishwa mwaka 2009 uliwachunguza watoto wa shule katika nyumba zinazofukiza buhuri. Haukuonyesha kwamba buhuri huongeza idadi ya watoto wenye pumu, lakini ulionyesha kwamba kwa mtoto ambaye tayari ana pumu, moshi huo mara nyingi humwamshia maradhi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walifariki kwa maradhi hayo. Wagonjwa hao wamo pia katika safu zetu za swala.

Ndugu Waislamu, dini yetu haikutuacha bila mwongozo katika jambo hili. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akawatoa wadanganyifu katika safu ya wafuasi wake. Mfanyabiashara yule hakulaumiwa kwa kunyeshewa na mvua. Alilaumiwa kwa kuficha. Lebo iliyo wazi leo ndiyo ile nafaka iliyolowa iliyowekwa juu ya rundo. Kadhalika, aliyekula kitunguu saumu kibichi alitakiwa akae mbali na msikiti ili asiwaudhi wenzake. Ikiwa kero ya harufu ilizingatiwa kiasi hicho, basi harufu inayombana mtu pumzi inastahili kuzingatiwa zaidi.

Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, na Kenya wanalo shirika lao la viwango, KEBS. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vyake kuhusu lebo za vipodozi. Pamoja na hayo, uturi unaomiminwa kutoka chupa kubwa kwenda vichupa vidogo na kuuzwa milangoni mwa misikiti mara nyingi hauna hata jina la mtengenezaji, na pakiti nyingi za udi hazina neno lolote la tahadhari.

Tunatoa wito kwa vyombo hivi na kwa mamlaka za Zanzibar kuhakikisha mambo matatu. Kwanza, viungo vinavyojulikana kuleta mzio vitajwe kwa majina. Pili, tahadhari iandikwe kwa Kiswahili chepesi. Tatu, udi na buhuri navyo vibebe onyo kuhusu moshi, watoto na wenye pumu. Tunatambua kwamba kina mama wengi hujipatia riziki kwa kutengeneza udi majumbani, wakichanganya vipande vya udi, sukari na mafuta ya manukato. Hao wasibebeshwe mzigo wasioumudu, kwani nao hununua mafuta hayo bila kuambiwa kilichomo, tena ndio wanaoyashika na kuyavuta kila siku. Wajibu uanze kwa mwagizaji na muuzaji wa jumla. Yeye akikabidhi orodha ya viungo, mama wa nyumbani hatakuwa na kazi kubwa zaidi ya kuinakili kwenye karatasi ndogo.

Wakati tukisubiri hayo, familia zinaweza kuchukua hatua. Uturi mpya ujaribiwe kwanza kwa tone dogo ndani ya mkono na kusubiriwa siku mbili. Mtoto mchanga asipakwe manukato, wala nguo zake zisifukizwe. Chetezo kiwekwe penye madirisha wazi, mbali na mgonjwa wa pumu na mama mzazi. Anayepata vipele aende hospitali na kile kichupa chenyewe. Maimamu nao waelekeze udi ufukizwe mapema, msikiti upate hewa kabla ya waumini kuingia.

Harufu nzuri ni neema, na mwenye kuuza neema hana sababu ya kuficha alichotia ndani yake.