Kipenga na Dakika ya Tisini

Imezoeleka kusikia, barazani na hata redioni, kwamba mwamuzi mwenye busara ni yule ambaye, mechi ikiwa imebana na dakika zimekwisha, hukifumbata kipenga chake akawaachia wachezaji wamalizane wenyewe. Kauli hii hutamkwa kwa utulivu wa mtu anayetoa wasia. Wazee wa mpira huitikia kwa vichwa, watangazaji huirudia, na baadhi ya waamuzi wameigeuza kuwa kanuni ya kazi. Madhambi yale yale ambayo katika dakika ya kumi yangezaa penalti bila ya mabishano, katika dakika ya tisini huitwa "mguso tu". Nadai kwamba kauli hii ni batili, na zaidi ya kuwa batili ni dhulma, na dhulma yenyewe ina upande: humwelemea aliye dhaifu.

Tulitazame kwanza neno "kuamua". Wasemao kuwa mwamuzi asiiamue mechi mwishoni hudhani kwamba kunyamaza si kuamua. Beki amemvuta mshambuliaji jezi ndani ya eneo la hatari, mpira umepita, na mwamuzi ameona. Akipuliza, ameamua. Asipopuliza, ameamua vile vile, ila uamuzi wake umevikwa joho la upole na hapana atakayemsaili. Katika hali ya kwanza hulipa aliyekosa. Katika ya pili hulipa aliyekosewa. Mwenye kuuona mkono wa mwizi katika mfuko wa mtu, kisha akageuza uso, hawezi kujinasibu kuwa hakuelemea popote.

Isitoshe, penalti si bao. Ni mkwaju, na mkwaju una mpigaji na una kipa. Nani aliyesahau usiku wa tarehe 2 Julai 2010 mjini Johannesburg? Ghana na Uruguay walikuwa sare 1-1, muda wa ziada umefikia sekunde zake za mwisho, na mpira wa kichwa wa Dominic Adiyiah ulikuwa ukienda wavuni pale Luis Suárez alipouzuia kwa mikono kwenye mstari wa goli. Mwamuzi alitoa penalti na kadi nyekundu. Asamoah Gyan akagonga mwamba, na Uruguay ikapita kwa mikwaju 4-2. Afrika nzima ililia, lakini hapana aliyesema kwamba mwamuzi yule angenyamaza kwa kuwa saa ilikuwa imekwisha. Basi watetezi wa ukimya wanaikubali kanuni kosa likiwa uchi, na kuikataa likiwa limejisitiri kidogo. Wanachobishania ni ukubwa wa kosa, wala si saa. Na ukubwa wa kosa hupimwa kwa kosa lenyewe.

Hapo hujibiwa kwa ibara tamu ya "roho ya mchezo". Nami naiheshimu ibara hiyo, kwani sheria yenyewe inamtaka mwamuzi aitazame. Lakini roho ya mchezo huu imeandikwa mahali pa wazi. Penalti iliingia katika sheria mwaka 1891, kutokana na pendekezo la William McCrum, mtu wa Ireland ambaye, cha ajabu, alikuwa kipa. Na sheria inayohusu muda wa mchezo inasema kwamba penalti ikitolewa na muda ukaisha, kipindi hurefushwa mpaka mkwaju huo ukamilike. Tuizingatie hukumu hii. Kona haingojewi. Mpira wa kurusha hauna haki ya kungojewa. Shuti lililo hewani, kipenga cha mwisho kikilia kabla halijavuka mstari, limekufa. Penalti peke yake ndiyo iliyopewa uwezo wa kuisimamisha saa. Walioitunga sheria waliijua vyema dakika ya mwisho, wakaikusudia, wakaitengea nafasi. Kisha anakuja mtu na kutuambia kuwa roho ya mchezo ni kuiogopa.

Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa jambo hili kwa mifano ya mpira pekee. Mtunzi aliyeshika mizani kumi na sita na vina vyake tangu ubeti wa kwanza haruhusiwi kuvitupa katika ubeti wa tamati kwa hoja kwamba hadhira imechoka na shairi linakaribia kwisha. Pale kwenye kituo ndipo sikio linapotegwa zaidi. Mtu akiukwepesha urari hapo, hapana mwalimu wa arudhi atakayemsamehe kwa kumwonea huruma. Seuze mwamuzi, ambaye kosa analolisamehe si lake.

Nimesema dhulma hii ina upande. Timu kubwa hulikalia lango la mwenziwe dakika tisini; ikinyimwa penalti moja, itapata nafasi nyingine saba. Timu dhaifu hujilinda, huvuja jasho, huomba Mungu, na kama imebahatika kubaki nyuma kwa bao moja tu, hutoka kwa pupa mwishoni kutafuta sare. Kwake yeye eneo la hatari la mpinzani ni nchi ya ugenini inayozuriwa mara mbili au tatu, na aghalabu ziara yenyewe huangukia dakika hizo hizo ambazo mwamuzi ameshaazimia kutopuliza. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kanuni ya ukimya humnyonga mnyonge, kisha ikaizika na haki yake pamoja naye.

Tarehe 4 Januari 2026 tuliyaona haya kwa karibu. Tanzania, iliyofika hatua ya mtoano ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake, ilikuwa nyuma kwa bao 1-0 mbele ya wenyeji Morocco mjini Rabat. Katika dakika za nyongeza mchezaji wa Tanzania alianguka ndani ya eneo la hatari baada ya kukumbana na beki, Watanzania wakadai penalti, na mwamuzi akaashiria mchezo uendelee. Sitaki kuicheza upya mechi ile kwenye karatasi. Wapo walioiona penalti na wapo wasioiona. Kilichonishughulisha ni utetezi uliofuata. Hata miongoni mwetu, tulioshindwa, walikuwapo waliosema kwa sauti ya watu wazima kwamba penalti kama ile haitolewi kwa wenyeji, katika dakika kama ile. Hawakusema hapakuwa na kosa. Walisema saa haikuwa nzuri! Mtu akishakubali hoja hiyo, amekubali kwamba wageni wana mechi ya dakika themanini na tano, na wenyeji wana ya tisini na ushei.

Tena wiki mbili baadaye, katika uwanja ule ule, fainali ya Senegal na Morocco ilitoa penalti katika dakika za nyongeza, baada ya mwamuzi kuitwa kutazama video. Wachezaji wa Senegal walitoka uwanjani kwa hasira, wakarudi baada ya muda mrefu, na Brahim Díaz akapiga mkwaju laini ulioishia mikononi mwa kipa Édouard Mendy. Ikazuka kelele ile ile, ila safari hii kutoka upande wa pili: vipi penalti itolewe dakika kama hii? Ninawaambia wenye kelele hizo, na wengi wao nilikuwa nao katika kuililia Tanzania, kwamba hawawezi kula huku na huku. Anayetaka penalti ya fainali ipingwe na aeleze kwamba mchezaji hakukosewa, au kwamba bao la Senegal lililokataliwa dakika chache nyuma lilistahili kipimo hicho hicho cha uangalifu. Hizo ni hoja, na ni nzito. Saa si hoja.

Wala sisemi haya kwa kuwa yananifaa. Tarehe 23 Juni 1998, mjini Marseille, Brazil na Norway walikuwa sare 1-1, dakika zimebaki chache. Saa hiyo hiyo mjini Saint-Étienne Morocco ilikuwa ikiifunga Scotland 3-0, na matokeo hayo yangeipeleka mbele. Mwamuzi Esfandiar Baharmast, Mmarekani mzaliwa wa Iran, akaipa Norway penalti. Kjetil Rekdal akafunga, Norway ikashinda 2-1, na Morocco ikatoka. Picha zilizorushwa duniani hazikuonyesha kosa lolote, na Baharmast akashambuliwa kila pembe: alizua, alihongwa, hajui kazi. Siku chache baadaye zikatokea picha za televisheni ya Sweden, zilizopigwa kutoka upande mwingine, zikimwonyesha waziwazi Júnior Baiano akimvuta jezi Tore André Flo. Mwamuzi peke yake ndiye aliyekuwa ameona. Waafrika tungefurahi kama angenyamaza, na kila mtetezi wa busara angemsifu. Angekuwa pia ameidhulumu Norway, na hapana kamera ya Sweden ambayo ingetafutwa kuuthibitisha ukimya wake.

Ipo hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipita mbio. Wanasema adhabu ya penalti ni nzito mno: mikwaju takriban mitatu katika kila minne huingia, ilhali kosa lenyewe pengine lilitendeka kwenye pembe ya eneo la hatari, mbali na goli, wala halikuzuia bao lolote. Katika mechi ya sare, dakika ya tisini, mguu uliochelewa nusu ya hatua hugeuka kuwa kombe au kushuka daraja. Ni kweli. Huenda sheria yenyewe ina kasoro, na mimi ningelisoma kwa furaha pendekezo la kuyatenganisha makosa yanayozuia bao na yasiyozuia. Lakini kasoro hiyo ipo tangu dakika ya kwanza. Bao la dakika ya tano linahesabiwa moja, na la dakika ya tisini linahesabiwa moja. Anayeiona adhabu kuwa kubwa na aipeleke hoja yake kwa watunga sheria, mchana, ibadilishwe kwa wote. Asimwachie mwamuzi aipunguze kwa siri, jioni, kwa amtakaye.

Maana huruma ya jioni haigawanywi sawa. Wachumi waliochunguza ligi ya Hispania, katika makala iliyochapishwa mwaka 2005, waligundua kwamba waamuzi waliongeza muda mrefu zaidi timu ya nyumbani ilipokuwa nyuma kwa bao moja, na mfupi zaidi ilipokuwa mbele kwa bao moja. Sidhani kama wengi wa waamuzi wale walikuwa wala rushwa. Walikuwa binadamu waliozungukwa na maelfu ya sauti. Mwachie mtu kama huyo "busara" yake katika dakika za mwisho, na busara hiyo itaelekea kule kunakotoka kelele. Na ugonjwa huu una pacha wake: penalti ya fidia, ile anayopewa mtu dakika ya themanini na tisa kwa kuwa alinyimwa yake dakika ya ishirini. Nayo naipinga kwa ukali ule ule.

Kwetu visiwani hofu ya mwamuzi ina sura tunayoijua. Anayechezesha ligi za wilaya anakaa mtaa mmoja na mashabiki, anaswali nao safu moja, mkewe ananunua samaki diko moja na wake zao. Akitoa penalti dakika ya mwisho, keshoye kuna watu hawatamjibu salamu. Tusimtupie lawama mtu huyu na kumwacha hapo. Kinachompasa msimamizi anayeandika ripoti ya mechi ni kuandika pia makosa yaliyoachwa, pamoja na dakika zake, ili ukimya nao uwe na hesabu. Kwa sasa anayepuliza ndiye pekee anayeitwa kujieleza. Na chama kinachompangia mtu mechi ya kushuka daraja, akachezeshe kwenye uwanja usio na uzio, kimpangie na gari la kumrudisha nyumbani.